Pimbi na Wageni Mia Tatu na Arobaini na Wawili

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na vyungu vyao, mikeka yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na pimbi mmoja aitwaye Sikitu. Wewe wa mwisho, meza uji wako kwanza, nisije nikakuchekesha ukapaliwa. Haya.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, ana ukubwa wa sungura, lakini masikio yake ni mafupi na mkia hana kabisa. Makao yake ni mawe. Sikitu alizaliwa Mlima Majabali, na huko mlimani palikuwa na jabali moja pana, lililolala kama mgongo wa ng'ombe. Kila asubuhi ukoo mzima ulitoka mapangoni ukalijaza jabali lile kuota jua. Walilaliana kama viazi ndani ya gunia. Huyu mguu wake uko sikioni mwa yule, na yule tumbo lake liko mgongoni mwa huyu.

"Sogea!"

"Nisogee wapi? Nikisogea naanguka!"

"Basi anguka, upungue!"

Hivyo ndivyo walivyoamkiana.

Halafu ukaja ukame. Chemchemi ikakauka, hata ukoga wa mawe ukawa unga. Sikitu akafunga kibunda chake, akashuka mlima, akatembea siku mbili mpaka Bondeni, nchi ya matope na majani mabichi. Mwenye nchi alikuwa Kiboko, na mkono wake wa kulia alikuwa shemeji yake, Nyati.

Walimpokea vizuri, tusimsingizie mtu. Siku ya kwanza akala maboga. Siku ya pili akala maboga. Lakini mnajua wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Kiboko akamwita.

"Mgeni wetu, nasikia pimbi mkiona hatari mnapiga kelele."

"Ndiyo, bwana."

"Hebu."

Sikitu akavuta pumzi. "PIIIIII!"

Nyati akaruka hatua nne. Kiboko akatumbukia mtoni, chubwi!

"Inatosha!" Kiboko akasema alipoibuka, amevaa majani kichwani. "Sisi mchana tunapenda kulala. Wewe utakuwa macho yetu."

Sikitu akawa mlinzi wa Bondeni. Akalinda mwaka mmoja, akalinda miwili, akalinda sita. Alishiba, akanenepa mashavu. Lakini, watoto, katika miaka yote sita hakuna aliyemwita Sikitu. Wakigawana chakula, walisema, "Na mgeni naye apewe." Wakifanya kikao cha kijiji, walisema, "Mgeni asubiri nje kidogo."

Na Bondeni hapakuwa na jiwe. Hata moja! Kila asubuhi Sikitu alifudikiza chungu chake, kitako juu, akapanda pale kuota jua. Peke yake. Hakuna wa kumsukuma. Hakuna wa kumwambia sogea.

Siku moja akaja Mbayuwayu, yule ndege asafiriye nchi hii na ile na kubeba salamu za watu bila kupunguza neno wala kuongeza.

"Hodi! Salamu kutoka Mlima Majabali!"

"Karibu, karibu! Habari za huko?"

"Nzuri. Mvua imenyesha misimu miwili. Chemchemi inatoa maji. Bibi yako Mwajabu hajambo, meno yamebaki mawili, lakini anayatumia yote. Mjomba wako Shomari bado anasimulia alivyopigana na nzige."

"Yule nzige mmoja?"

"Sasa wamekuwa tisa."

Sikitu akacheka mpaka akashika chungu. Kisha akajikuna shingo. "Ndugu yangu Mbayuwayu. Pale jabalini, kati ya Shangazi Mwanaidi na ule ufa, ndipo nafasi yangu ilipokuwa. Siku hizi analala nani?"

"Sikutazama."

"Hukutazama! Umetoka huko kote, umepita juu kabisa, hukutazama!"

"Hukuniagiza," Mbayuwayu akasema, akaenda kunywa maji.

Kuanzia hapo Sikitu hakukaa akatulia. Nirudi, nisirudi? Nikirudi nikakuta nafasi imejaa? Nikirudi nao wakanitandikia mkeka wa wageni, wakaniambia karibu, mgeni wetu? Huku mgeni, kule mgeni, basi kwetu ni wapi? Bora nibaki, maboga yapo. Lakini maboga hayasukumani! Akawaza siku tatu, akawazua siku tatu, akahesabu faida kwa vidole vya mkono huu na hasara kwa vidole vya mkono ule, vikalingana. Akarudia kuhesabu, vikalingana tena.

Asubuhi ya saba akapanda kwenye chungu chake, kwa! Chungu kikapasuka vipande viwili, yeye katikati, matako matopeni.

Sikitu akatazama vile vigae. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko.

"Haya, nimesikia," akakiambia chungu. "Heri niende nikaione nafasi hiyo kwa macho yangu kuliko kuizeesha kichwani."

Shida ilikuwa moja, watoto, nayo ilikuwa kubwa kama Kiboko mwenyewe. Bondeni walikuwa na mila yao ya kuaga. Anayehama sharti apikiwe na mwenyeji kwa mikono yake, ale, ndipo aende. Anayeondoka bila kupikiwa huhesabiwa mwizi, na mwizi hukimbizwa na Nyati mpaka akamatwe. Miguu ya Nyati mnaijua. Miguu ya Sikitu ilikuwa mirefu kama kidole changu hiki.

Na Kiboko hakutaka kupika! Mwaka wa kwanza Sikitu alipoomba kuagwa, aliambiwa asubiri mvua. Mvua ikaja. Mwaka wa pili aliambiwa asubiri mavuno. Wa tatu, asubiri jipu la Nyati lipone. Wa nne, asubiri harusi. Wa tano akauliza, "Harusi ya nani, bwana?" akajibiwa, "Ndiyo tunayoingoja, tumjue."

Basi safari hii Sikitu hakuomba. Alijipangusa matope, akachana manyoya, akaenda ukingoni mwa mto anatabasamu sikio kwa sikio.

"Bwana Kiboko, shikamoo! Shemeji Nyati, shikamoo!"

"Marahaba, mgeni wetu," Kiboko akajibu kwa uangalifu. "Kama ni habari ya kuagwa, kwanza tusubiri..."

"Kuagwa? Niagwe niende wapi? Toba! Mtu anaondoka Bondeni? Nimekuja kuwapa habari njema. Siondoki milele!"

Nyati akapiga kwato. "Ala! Sasa hayo ndiyo maneno!"

"Na kwa kuwa siondoki," Sikitu akaendelea, "nimeona ni uchoyo kula raha peke yangu. Nawaleta ndugu zangu."

"Walete!" Kiboko akasema, mdomo wazi kama mlango wa ghala. "Walinzi wakiwa wengi, usingizi unakuwa mzito. Wako wangapi?"

"Mia tatu na arobaini na wawili."

Mdomo wa Kiboko ukafunga, kap! "Wangapi?"

"Mia tatu na arobaini na wawili. Bila mimi."

"Umewahesabu?"

"Kila siku, bwana, kabla sijalala," Sikitu akasema, na hilo, watoto, halikuwa la uongo.

Hapo Mbayuwayu alikuwa anapita. Sikitu akamwita kwa sauti, wote wasikie. "Ndugu Mbayuwayu! Wapelekee salamu Mlima Majabali. Waambie waje huku kwangu Bondeni. Wote! Asibaki hata mmoja!"

"Wote, asibaki hata mmoja," Mbayuwayu akarudia. Fyuuu! Akapotea.

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati.

"Si mbaya," Kiboko akasema polepole. "Mgeni siku mbili. Tutawalisha siku mbili, ya tatu wote kazini. Siku mbili ni nini?"

"Haswa!" Sikitu akasema. "Ila njia ya mlimani ni nyembamba, bwana. Hawawezi kuja pamoja. Watakuja watatu kwa siku. Kwa hiyo wa juzi wakipewa jembe, wa jana bado wageni, na wa leo wako mlangoni. Ngoja nikuhesabie. Watatu kila siku, siku mia moja na kumi na nne. Hapana, nimekosea."

"Afadhali," Kiboko akapumua.

"Ni mia moja na kumi na tano. Wale wa mwisho nao wana siku yao ya pili. Siku mia moja na kumi na tano mfululizo kuna wageni ndani. Nyumba ya baraka!"

Nyati akaanza kutafuna kitu ambacho hakikuwamo mdomoni.

"Watalala wapi?" akauliza.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Kulala si tatizo, tatizo ni kuota jua. Pimbi asipoota jua asubuhi anaumwa. Tunataka kitu kipana, kigumu, cheusi kidogo, kinachoshika joto. Jabali. Na hapa mawe hakuna." Sikitu akamzunguka Kiboko mara moja, akimpima kwa hatua. Moja, mbili, tatu... kumi na moja. "Mgongoni mwako watakaa themanini. Wakibanana, tisini."

"Mgongoni mwangu!"

"Wapole sana, bwana. Kucha zao ndizo kali. Na Mjomba Shomari ni mzee, atahitaji mahali palipoinuka, penye egemeo huku na huku." Akamtazama Nyati kati ya pembe, akainamisha kichwa kama fundi anayepima dirisha. "Pale patamfaa. Atakusimulia habari za nzige. Ukisinzia anaanza upya."

"Mimi sitaki habari za nzige!" Nyati akafoka.

"Utazipenda. Halafu kuna Shangazi Mwanaidi, yeye anakoroma. Kuna pacha wanaouma wakiota ndoto. Na... samahani, hili ni la aibu kidogo."

"Sema!"

"Pimbi tuna choo kimoja. Ukoo mzima, mahali pamoja, vizazi na vizazi. Huwa tunachagua pakavu, pa bapa, penye hewa nzuri." Macho yake yakaenda taratibu mpaka kwenye baraza ya Kiboko, iliyofagiwa ikang'aa.

Kiboko akaenda kusimama mbele ya baraza yake, miguu imetanuka.

"Lakini kelele zao za ulinzi mtazifurahia," Sikitu akamalizia. "Mimi nalia nikiona hatari. Wale ni washamba, hawajui Bondeni. Watalia wakiona chochote. Nitawaonyesha. Jani likianguka: PIIII! Samaki akiruka: PIIII! Bwana Kiboko akipiga chafya: PIIII! Mmoja akilia, wote wanaitikia. Mia tatu na arobaini na wawili, kwa pamoja. Hebu nipaze sauti mara mia tatu na arobaini na mbili, mwone..."

"USIPAZE!" wakapiga kelele wote wawili.

Wakubwa hao wakajitenga nyuma ya matete. Sikitu akawasikia wakinong'ona, na kunong'ona kwa kiboko, watoto, kunasikika kijiji cha pili.

"Shemeji, wamekwisha kuitwa!"

"Si wewe uliyesema walete, walete?"

"Nilidhani ni watano!"

"Mtu wa kuwazuia ni nani?" Kiboko akaongeza.

"Ni huyu huyu. Akienda mwenyewe atawarudisha njiani."

"Haya, mwambie."

"Mwambie wewe, ndiwe mwenye nchi."

Kiboko akarudi, anatembea kwa adabu kama anayekwenda kuposa. "Mgeni wetu. Tumefikiri. Nyumbani ni nyumbani. Tumeona uchungu, miaka sita hujamwona bibi yako. Nenda. Nenda leo. Na ukikutana na ndugu zako njiani, geuka nao."

Sikitu akajitupa chini, tifu! "Mnanifukuza!"

"Hatukufukuzi! Tunakuaga."

"Niagwe vipi na harusi bado?"

"Harusi imevunjika!" Nyati akasema.

"Na mila je? Sijapikiwa. Mimi si mwizi, siondoki bila kupikiwa. Nitakaa hapa hapa niwapokee wale watatu wa kesho."

Weee! Mngemwona Kiboko akikimbilia jikoni! Tangu azaliwe hakuwahi kushika mwiko. Akatafuta chungu, akakanyaga viwili, akapata cha tatu. Nyati akapuliza moto, puuuh, majivu yote yakahamia usoni kwake, ndevu zikanuka. Kiboko akakata maboga kwa meno, kap, kap, kap, akayatia na maganda yake, akakoroga, maji yakamwagika, akaongeza, yakazidi, akayanywa mengine, akakoroga tena.

"Chumvi!" akalia. "Chumvi iko wapi?"

"Mfukoni!"

"Kiasi gani?"

"Mimi najua? Tia!"

Wakamletea. Sikitu akaonja. Boga lilikuwa bichi upande mmoja, limeungua upande wa pili, na katikati palikuwa na mkia wa kambare, hakuna aliyejua umefikaje. Akala lote, akalamba kidole.

"Ahsanteni sana. Nimeagwa?"

"Umeagwa!"

"Mbele ya shahidi?"

"Mimi shahidi!" Nyati akasema. "Chukua na mfuko huu wa chumvi, usiende kwenu mikono mitupu. Njia ni ile. Kimbia, mama, usije ukapishana nao!"

"Kwaherini, basi. Mmenilisha miaka sita, na hilo sitalisahau," Sikitu akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa, hata Kiboko akatazama pembeni.

Akaenda zake, mfuko kichwani, anaimba. Akavuka mto mdogo, akapita mbuga ya majani marefu, akalala njiani, akaamka, akaimba tena. Alipouona Mlima Majabali kwa mbali, mweupe kwa jua, miguu ikamsimama yenyewe.

Mbayuwayu!

"Mama yangu!" Sikitu akashika mashavu. "Sikumwambia kuwa ni uongo!"

Na Mbayuwayu hapunguzi neno wala haongezi. Atakuwa amefika zamani. Atakuwa amesema wote, asibaki hata mmoja. Bibi mwenye meno mawili! Shangazi! Wameacha mapango yao na chemchemi yao kwa ajili ya mzaha wangu! Akaanza kukimbia, mfuko unampiga kisogoni, pu, pu, pu.

Chini ya mlima vumbi lilikuwa linatimka. Katikati ya vumbi palikuwa na pimbi. Pimbi wa mbele, pimbi wa nyuma, pimbi wa ubavuni, wengine wamebeba vyungu, wengine wamebeba watoto, na Mjomba Shomari amebebwa juu ya mkeka na wajukuu wanne, anawasimulia. Mbele ya wote alitembea Bibi Mwajabu, kiuno kimefungwa kanga, begani jembe.

Sikitu akapiga magoti barabarani. "Bibi, shikamoo! Bibi, nisamehe! Nilikuwa nawatisha wakubwa wa Bondeni wanifungulie njia. Sikuwa na nia ya kuwahamisha. Rudini, tafadhali!"

Bibi Mwajabu akasimama. Nyuma yake ukoo wote ukagongana, kukuru kakara, "We, tazama!" "Tazama wewe!"

"Nani amekwambia tunahama?" Bibi akauliza.

"Si nimeita wote?"

"Ndiyo. Sikitu wangu, aliyekuwa akiishiwa chumvi anaona haya kuomba punje kwa shangazi yake, leo aombe watu mia tatu na arobaini na wawili? Nikasema, mtoto huyu amezuiliwa mahali, na anaona aibu kusema. Twendeni tukamchukue."

Sikitu akaushika mkono wa Bibi, akauweka shavuni.

"Mgeni wetu amefika!" binamu mmoja mdogo, asiyemjua Sikitu, akapiga kelele. "Mtandikieni mkeka!"

Moyo wa Sikitu ukashuka mpaka kwenye kucha zake ndogo. Ndilo neno lile lile! Akatazama chini.

"Mgeni yuko wapi?" Bibi Mwajabu akageuka huku na huku, macho makali. "Mimi simwoni. Namwona mtu aliyeondoka zamu yake ya kulima shamba la viazi ikiwa imefika. Miaka sita! Amejificha miaka sita asilime!" Akalitoa jembe begani, akamtia Sikitu mikononi. "Shika. Hili ni lako. Mpini nimebadilisha mara mbili, mchwa hawana subira kama yangu."

"Bibi, sijaketi hata..."

"Utaketi kesho asubuhi, jabalini, mahali pako. Shangazi yako ameweka mguu hapo miaka yote hii ili pasichukuliwe, sasa una ganzi."

"Una ganzi kweli," Shangazi Mwanaidi akasema. "Njoo unisugue."

Lo, vicheko! Vigelegele! Mlima ukaitikia. Wakageuka wote, vyungu, watoto, mkeka na Mjomba Shomari, ambaye nzige wake njiani walifika kumi na wanne. Sikitu alipanda mlima huku anacheka na kulia, jembe begani, na alfajiri iliyofuata Bondeni kote wangeweza kusikia, kama wangetega masikio:

"Sogea!"

"Nisogee wapi?"

"Basi anguka!"

Lakini Kiboko hakusikia. Alikuwa amemkamata Mbayuwayu pembeni, anamnong'oneza kwa aibu: "Ukipita Ziwa Kubwa, mama yangu yuko pale upande wa mayungiyungi. Hebu mtazame tu. Mtazame vizuri, uniambie kama bado ananiwekea nafasi."

Mimi nilikuwapo, nikapewa chumvi kidogo ya ule mfuko, ndiyo mliyoionja kwenye uji. Na hadithi inasema hivi: ugenini hupewa jembe siku ya tatu, kwenu hupewa kabla hujaketi.